Mkesha wa Ann Arbor: Usiku wahadhiri na wanafunzi walipokataa kulala

NENO ‘mkesha’ lina wenyewe wengi. Kuna mkesha wa Krismasi, mkesha wa maombi, mkesha wa matanga na ule wa ngoma. Katika yote hayo maana ya msingi haibadiliki: watu wameyanyima macho usingizi kwa sababu mbele yao lipo jambo zito kuliko usingizi. Leo ningependa kuongeza mkesha mmoja kwenye orodha hiyo, nao ni mkesha wa masomo. Ulifanyika katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan, kuanzia saa mbili usiku tarehe 24 Machi 1965 hadi saa mbili asubuhi siku iliyofuata.

Waandalizi wake waliuita kwa Kiingereza ‘teach-in’. Neno lenyewe lilikuwa bado bichi. Lilifinyangwa kwa kuiga ‘sit-in’, jina la mbinu iliyopata umaarufu tarehe 1 Februari 1960, pale wanafunzi wanne Weusi walipoketi kwenye kaunta ya chakula iliyotengewa Wazungu mjini Greensboro, North Carolina, wakakataa kuondoka. Nimewahi kuona ‘teach-in’ ikifasiriwa kuwa ‘kongamano’. Mimi naona tafsiri hiyo imepwaya. Kongamano tunalijua sisi wenyeji wake: lina beji, lina mgeni wa heshima anayechelewa, na chakula cha mchana kikishaliwa ukumbi hubaki nusu. Kilichotokea Ann Arbor kilikuwa kesha, tena kesha la kweli.

Hebu kwanza tuujue mji wenyewe. Ann Arbor uko magharibi mwa Detroit, kando ya Mto Huron. Ulianzishwa mwaka wa 1824, na inasemekana waasisi wake wawili waliupa jina la wake zao, kwani wote wawili walikuwa na wake walioitwa Ann. ‘Arbor’ ni kivuli cha miti. Chuo Kikuu cha Michigan kilihamia hapo kutoka Detroit mwaka wa 1837, na tangu hapo mji na chuo vimekuwa kama kidole na pete. Wanafunzi wakienda likizo, hata muuza kahawa anajua.

Nimeupitia mji huo zaidi ya mara moja katika shughuli za kitaaluma. Katikati ya chuo kuna uwanja wenye vijia vinavyokatizana, ambao wanafunzi huuita Diag. Hapo sakafuni imepachikwa herufi M ya shaba. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huonywa mapema: ukiikanyaga kabla ya mtihani wako wa kwanza, utaanguka. Basi utawaona vijana wenye akili kali, waliobeba vitabu vya hesabu na sayansi, wakiizunguka herufi hiyo kama watu wanaokwepa nyoka. Miiko haiko kwetu tu. Upo pia uwanja wa kandanda ya Kimarekani, uliofunguliwa mwaka wa 1927, ambao sasa huchukua watu zaidi ya 100,000. Lipo na gazeti la Michigan Daily, ambalo wanafunzi wamelichapisha wenyewe tangu 1890.

Ila tusidhani kwamba ujana huo ulikuwa wa kujitawala. Hadi miaka ya 1960, vyuo vingi vya Marekani vilijichukulia kuwa wazazi wa wanafunzi wao. Wasichana wa Ann Arbor walikuwa na saa ya kurudi bwenini usiku, na aliyechelewa aliadhibiwa. Wavulana hawakubanwa hivyo. Jumba la Michigan Union, kitovu cha maisha ya wanafunzi, lilijengwa kwa ajili ya wanaume, na hadi miaka ya 1950 mwanamke hakuruhusiwa kuingia kwa mlango wa mbele. Chuo hicho kilikuwa kimewapokea wanawake tangu 1870. Miaka themanini darasani, na bado mlango wa nyuma!

Ni kwenye ngazi za jumba hilo hilo ambapo historia ya mji huu inagusana na yetu. Mnamo Septemba 1960, wanafunzi wa Kenya na nchi jirani walisafirishwa kwa ndege hadi Marekani katika mpango ulioanzishwa na Tom Mboya mwaka mmoja kabla. Safari hiyo iligharimiwa kwa sehemu kubwa na wakfu wa familia ya Kennedy. Mmoja wa abiria alikuwa Wangari Maathai, aliyekwenda kusomea Atchison, mji mdogo wa jimbo la Kansas. Mwezi mmoja baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 14 Oktoba, John F. Kennedy aliwasili Ann Arbor akiwa katika kampeni za urais. Ilikuwa yapata saa nane za usiku. Alikuta umati uliokadiriwa kuwa wa watu 10,000 ukimsubiri. Akasimama kwenye ngazi, akazungumza kwa dakika chache tu, akawauliza: ni wangapi kati yenu mnaosomea udaktari mko tayari kwenda kufanya kazi Ghana? Ni mafundi na wahandisi wangapi?

Swali hilo lingeweza kufa pale pale. Wanafunzi ndio walioliokoa. Alan na Judith Guskin, mume na mke waliokuwa wakisomea shahada za juu, waliandika barua kwa Michigan Daily, wakawahimiza wenzao waitikie, na saini zikakusanywa kwa mamia. Tarehe 1 Machi 1961, Kennedy akiwa rais, shirika la Peace Corps lilianzishwa. Miongoni mwa vijana wa mwanzo kabisa, wapo waliotumwa Tanganyika mwaka huo huo kupima barabara na kuchunguza miamba, hata kabla bendera ya uhuru haijapandishwa.

Baadaye walifika Kenya pia. Mmoja wao alinifundisha fizikia katika shule ya upili miaka ya 1970. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchekesha, maana ngeli zilimsumbua kweli kweli. ‘Kitabu yangu’ na ‘mlango yangu’ zilikuwa burudani ya bweni zima. Lakini alikuwa na kauli moja aliyoisema bila kukosea: “Nyinyi mnaonaje?” Mwanzoni tulinyamaza tukidhani ni mtego. Mwalimu anayeuliza wanafunzi wanaonaje! Nilikuja kuelewa baadaye sana kwamba swali hilo lina mji lilikolelewa, au tuseme miji kadhaa ya aina moja.

Sasa turudi kwenye mkesha wetu. Mwanzoni mwa Machi 1965, Marekani ilianza mashambulizi mfululizo ya ndege dhidi ya Vietnam Kaskazini, na tarehe 8 wanajeshi wa majini wakatua Da Nang. Wahadhiri wapatao hamsini wa Michigan walitangaza kwamba wangesitisha masomo kwa siku moja ili kuzungumzia vita hivyo. Moto ukawaka. Gavana wa jimbo, George Romney, aliwashutumu, na wanasiasa wakataka waadhibiwe: ati mwalimu analipwa kufundisha, hakulipwa kugoma. Hata miongoni mwa walioipinga vita, wapo walioona kwamba kumnyima mwanafunzi somo si haki.

Wahadhiri wakakutana tena, wakajadiliana hadi usiku wa manane. Ndipo Marshall Sahlins, mwanaanthropolojia, akatoa wazo lililogeuza kila kitu: kama wanatuambia tunakwepa kufundisha, basi tuwaoneshe kufundisha. Tusiache kazi mchana. Tufundishe usiku kucha.

Waliotarajiwa walikuwa mamia, wakaja zaidi ya 3,000. Kumbi za jengo la Angell Hall zilifurika. Kulikuwa na mihadhara, kisha vikundi vya mjadala, kisha nyimbo na kahawa, kisha mjadala tena. Wafuasi wa vita nao walikuja na mabango yao. Vitisho vya bomu vilipopigwa, watu walitoka nje, wakasimama kwenye Diag katika baridi kali ya Machi huku polisi wakipekua majengo, na mazungumzo yakaendelea huko huko nje. Chuo kilikuwa kimekubali kulegeza saa za wasichana kwa usiku ule mmoja, na wengi walijitokeza. Kulipopambazuka bado mamia walikuwapo.

Je, mkesha ule ulisimamisha vita? La. Vita viliendelea miaka mingine kumi. Anayeitathmini elimu kwa kipimo cha ushindi wa papo hapo hatauona uzito wake. Lakini tuangalie kilichobadilika. Katika majuma machache yaliyofuata, makumi ya vyuo yaliandaa mikesha yao, na ule wa Berkeley mwezi Mei uliendelea zaidi ya siku nzima. Kufikia mwisho wa muongo huo, kafyu za wasichana zilikuwa zinaporomoka. Ukishamruhusu mtu akeshe akijadili vita na amani, utamwambiaje kesho yake kwamba hawezi kujua saa ya kulala? Na Machi 1970, Ann Arbor ile ile iliandaa mkesha mkubwa kuhusu mazingira, mwezi mmoja kabla ya Siku ya Dunia ya kwanza, ambayo yenyewe ilizaliwa kutokana na wazo hilo hilo.

Simaanishi kwamba mgomo hauna nafasi. Masika hayo hayo ya 1970, wanafunzi Weusi wa Michigan na wenzao waliowaunga mkono walisusia masomo kwa siku kadhaa wakidai Weusi wafike asilimia 10 ya wanafunzi wote. Chuo kilikubali lengo hilo, ingawa utekelezaji ulichechemea, na mwaka huo kituo cha taaluma za Waafrika na Wamarekani Weusi kikaanzishwa. Kuna madai yasiyosikika mpaka kazi isimame.

Ninalolisema ni hili. Katika vyuo vyetu tumezoea njia mbili tu. Ama tunagoma, wahadhiri wakirudi nyumbani na makomredi wakibaki mabwenini bila habari, ama tunanyamaza. Na makomredi wakiingia barabarani, jibu huwa tangazo la kufunga chuo kwa muda usiojulikana, kila mtu awe ameondoka kabla ya saa fulani. Kizazi changu kilisoma kwa vipande kwa sababu ya matangazo hayo. Sikumbuki hata mara moja ambapo, kabla ya chuo kufungwa, milango ya ukumbi ilifunguliwa usiku kucha ili mwenye takwimu za bajeti, mwenye njaa, mwenye mshahara uliochelewa na mwenye swali wakae pamoja hadi kupambazuke. Leo tunajadiliana kuhusu mfumo wa ufadhili wa wanafunzi, mishahara ya wahadhiri na madeni ya vyuo kupitia taarifa kwa vyombo vya habari. Mwanafunzi ambaye maisha yake ndiyo mada anasoma habari hizo kwenye simu.

Tunao utamaduni wa kukesha. Tunakesha tukimwombea mgonjwa, tunakesha na wafiwa, tunakesha na mwali. Hakuna anayeuliza gharama ya usiku huo. Kukesha kwa ajili ya elimu nako hakuhitaji mgeni wa heshima wala beji. Kunahitaji ukumbi, taa, chai ya moto, na mhadhiri aliye tayari kuuliza, “Nyinyi mnaonaje?” kisha asubiri jibu.