Kiwanda kinachojifunza: kisa cha karanga za Lilongwe

Uwezo wa kiwanda kushindana sokoni hautokani na mashine peke yake. Mashine aweza kuzinunua mshindani yeyote mwenye fedha. Kisichonunulika kwa urahisi ni maarifa ambayo wafanyakazi, wasimamizi na wauzaji wa malighafi wameyapata kwa pamoja kutokana na makosa yao.

Mfano ulio karibu ni karanga, zao la uwanda wa Lilongwe, ikiwemo Mitundu, mji mdogo wa biashara kusini mwa jiji hilo. Malawi iliwahi kusifika Ulaya kwa karanga zake, hasa aina ya Chalimbana yenye punje kubwa. Soko hilo lilififia, na miongoni mwa sababu ni sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu ambayo huweza kuleta saratani ya ini. Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya mikrogramu 4 za sumu hiyo katika kila kilo ya karanga zilizo tayari kuliwa.

Mwaka 1978, wasomi wa Marekani Chris Argyris na Donald Schön walitofautisha ngazi mbili za kujifunza. Ya kwanza ni kusahihisha kosa bila kugusa utaratibu uliolizaa. Ya pili ni kuuhoji utaratibu wenyewe. Kiwanda kinachochambua karanga na kutupa mbovu kimo katika ngazi ya kwanza. Kinachouliza kwa nini zinafika na ukungu kimepanda ya pili, na jibu hukipeleka shambani: wakulima wengi hulowesha maganda ili kurahisisha kubangua kwa mkono, na unyevu huo huustawisha ukungu.

Ndipo likahimizwa suala la kununua karanga zikiwa na maganda na kuzibangua kwa mashine, pamoja na kuzikausha kwa mtindo uitwao Mandela Cock, ambapo mimea hupangwa kwa mduara na kuachiwa njia ya hewa katikati. Taasisi ya utafiti ya ICRISAT, yenye kituo Chitedze karibu na Lilongwe, iliandaa kipimo cha sumukuvu cha gharama nafuu. Hata hivyo, mkulima asipolipwa bei inayolingana na kazi ya ziada, hurudia maji.

Somo hilo lawahusu pia mafundi wa kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, iliyofunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994. Mshonaji au mtengeneza sabuni anayeandika vipimo vyake na malalamiko ya wateja hujenga uwezo uleule. Lakini ujuzi huo hukua kwa kukutana na wauzaji na wanunuzi. Agizo la serikali la mwaka 2023 la kuwarudisha wakimbizi kambini liliwatenganisha wengi na biashara zao mijini, na pamoja nazo, watu waliokuwa wakijifunza kwao.