Lango la Jikoni: Wanyama wa Nyumbani katika Majumba ya Umma ya Singapore

Historia ya nyumba za umma za Singapore imezoeleka kuandikwa kwa hesabu ya majengo, na hesabu hiyo kwa kweli inastahili kustaajabiwa: Bodi ya Nyumba na Maendeleo, chombo cha serikali kilichoundwa Februari 1960 chini ya uenyekiti wa Lim Kim San, ilijenga makazi zaidi ya 50,000 katika miaka mitano ya mwanzo, ilhali taasisi ya kikoloni iliyoitangulia ilikuwa imejenga takriban 23,000 tu katika miaka 32. Hata hivyo, kuhesabu milango si kueleza jinsi watu walivyoipita, walichokuwa wamebeba walipoipita na walichokibadili baada ya kuhamia. Katika jambo hilo la pili wanyama wana nafasi kubwa kuliko ile ambayo waandishi wengi wamewapa.

Wengi wa wapangaji wa kwanza walitoka katika kampung, neno la Kimalay lenye maana ya kijiji, ambalo mjini Singapore lilitumika pia kwa mitaa ya mabanda iliyosongamana pembezoni mwa jiji. Nyumba zake zilikuwa za mbao na mabati au za paa la atap, yaani majani ya mnazi wa kinamasi yaliyoshonwa kwa namna inayokaribiana sana na makuti ya pwani ya Afrika Mashariki, na kama makuti, atap huwaka upesi. Moto wa Bukit Ho Swee wa Mei 25, 1961, ulioteketeza mtaa mzima na kuwaacha watu wapatao 16,000 bila makao, uliipa serikali sababu ya kuharakisha uhamishaji. Lakini kampung haikuwa paa na kuta peke yake. Katika familia nyingi za Kichina palikuwa na nguruwe aliyelishwa makombo na kuuzwa fedha zilipohitajika, na karibu kila ua ulikuwa na kuku au bata. Kwa watu wa namna hiyo mnyama alikuwa akiba, kitoweo na kazi ya watoto ya kila jioni, na hakuna mpango wa ujenzi uliokuwa na chumba kwa ajili ya mambo hayo matatu.

Lee Kuan Yew, waziri mkuu wa wakati huo, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 2000 kwamba baadhi ya wafugaji hawakuweza kuachana na nguruwe wao, wakawabembeleza kupanda ngazi hadi kwenye makazi mapya. Anataja pia familia moja ya mume, mke na watoto 12, iliyohama kutoka kibanda hadi fleti ya barabara ya Old Airport ikiwa na kuku na bata wapatao dazeni moja. Mama wa familia hiyo alijenga lango la mbao kwenye mlango wa jikoni ili ndege hao wasiingie sebuleni, na jioni watoto walishuka kutafuta nyungunyungu na wadudu katika nyasi za nje kwa ajili ya kuwalisha. Utaratibu huo ulidumu miaka kumi, hadi familia ilipohamia fleti nyingine. Kisa hicho husimuliwa mara nyingi kama mfano wa watu waliochelewa kuuzoea mji, na tafsiri hiyo haimtendei haki mama huyo. Lango lake lilikuwa kazi ya usanifu: lilitenganisha sehemu ya kuishi na sehemu ya kufugia ndani ya nyumba ambayo msanifu wake hakuwahi kuifikiria tofauti hiyo, na kwa mbao chache likarudisha ua uliokuwa umepotea.

Marekebisho mengine yalifuata mantiki hiyohiyo. Wamalay, kwa maelezo ya Lee, walipenda kukaa karibu na ardhi na walipanda mboga kuzunguka majengo marefu kama walivyofanya vijijini. Serikali ilipoanza kuwauzia wakazi fleti mwaka 1964, na hasa ilipowaruhusu mwaka 1968 kulipia kwa fedha za mfuko wao wa akiba ya uzeeni, mapambo yaliongezeka, kwa kuwa mtu hupigilia msumari kwa moyo mwingine katika ukuta ulio wake. Vigae vikatandazwa, grili za chuma zikafungwa madirishani, na fito za mianzi zenye nguo zilizofuliwa zikachomoza nje ya kila ghorofa. Ndege wa kufugwa nao hawakukosa mahali, hususan merbok, njiwa mdogo anayethaminiwa kwa sauti yake, na huko Kebun Baru wapenzi wa ndege walisimamisha milingoti mirefu ya kupandishia matundu yao juu, mahali ambapo ndege huimba vizuri zaidi.

Kwa mbwa na paka sheria ilikuwa kali zaidi. Mbwa mmoja mdogo wa aina iliyoidhinishwa aliruhusiwa katika kila fleti, na mwaka 2012 mpango maalumu ulifungua mlango kwa mbwa chotara wa kienyeji wa umbo la kati. Paka alipigwa marufuku tangu 1989, kwa hoja kwamba hazuiliki ndani, hunyonyoka manyoya na hulia usiku. Marufuku hiyo iligongana na mazoea ya watu, yakiwemo ya Wamalay, ambao kama Waswahili wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafi, ambamo paka hana najisi na hukaa nyumbani bila tatizo la ibada. Maelfu ya wakazi waliendelea kufuga kwa siri, wakitegemea ukimya wa majirani.

Marufuku iliondolewa Septemba 1, 2024. Kila fleti ya umma sasa inaruhusiwa paka wawili, ambao sharti wapewe leseni na kuwekewa chini ya ngozi chipu ya utambulisho, na waliokuwa tayari na zaidi ya wawili walipewa hadi Agosti 31, 2026 kuwasajili wote ili wabaki nao. Mfugaji anatakiwa pia kuchukua hatua za kumzuia mnyama asitoroke wala kuanguka, na njia inayopendekezwa ni kufunga wavu katika madirisha na katika geti la mlango wa mbele. Hoja ya kwamba paka hazuiliki imejibiwa hivyo kwa kizuizi chepesi kinachofungwa na mwenye nyumba mwenyewe, kinachopitisha upepo na kumbakiza mnyama ndani, kazi ileile ambayo mbao za jikoni katika barabara ya Old Airport zilikuwa zimekwisha kuifanya kabla ya sheria hiyo kufikiriwa.