Nabii Asiye Nabii: Fumbo la Amosi 7:14

Katika karne ya 8 K.K., kuhani Amazia alimwamuru Amosi aondoke Betheli, arudi Yuda. Jibu la Amosi katika Kiebrania lina maneno matatu yasiyo na kitenzi: “si”, “nabii”, “mimi”. Wakati haukutajwa. Je, alikana unabii, au alieleza hali yake kabla ya kuitwa?

Wafasiri wa kale walitofautiana. Septuaginta ya Kigiriki iliweka wakati uliopita. Jerome, katika Kilatini, aliweka wakati uliopo. Biblia ya Kiswahili ya Union Version (1952) ilichagua “sikuwa”.

Msomaji wa Gitega au Muyinga anayefikiri kwa Kirundi hukuta njia panda ile ile: “sindi” au “sinari”. Aya ya 15, inayosimulia jinsi Mungu alivyomtwaa kutoka kwenye kundi lake, inaelekea kuunga mkono “sikuwa”, ila haimalizi ubishi. Anayesoma “si” husikia mtu akikataa cheo. Anayesoma “sikuwa” husikia mtu akieleza wito wake. Kwa hiyo mwalimu wa tafsiri asisahihishe kiambishi kabla ya kumwuliza mwanafunzi sababu ya kukichagua.