Kapu la Malimbuko na Mgeni: Shukrani ya Mavuno Kasulu na Kibondo

Sura ya 26 ya Kumbukumbu la Torati husomwa sana makanisani siku ya mavuno, lakini mara nyingi huishia njiani. Mkulima akishaweka kapu lake mbele ya madhabahu, mhubiri huhamia kwenye utoaji, na aya zinazofuata haziguswi. Nazo ndizo zenye uzito. Mkulima yule ametakiwa kutamka kwa kinywa chake kwamba baba yake wa kale alikuwa mtu wa kutangatanga, aliyeshuka Misri na watu wachache na kuishi huko ugenini. Kisha afurahie mema aliyopewa pamoja na nyumba yake, Mlawi, na mgeni anayekaa kwake. Makala haya yanadai kwamba shukrani ya mavuno katika nyanda za juu za Kigoma haitimii bila mambo hayo mawili: simulizi ya ukoo na mgeni aliyeshirikishwa. Na yote mawili huanzia nyumbani kabla ya kufika kanisani.

Ibada ya mavuno kama wanavyoijua Waanglikana kwa kawaida huhesabiwa kuanzia mwaka 1843, pale kasisi Robert Hawker alipowaita waumini wake wa Morwenstow, Cornwall, kushukuru kwa mazao. Uingereza huvuna inapokaribia baridi. Lakini Buha, nchi ya Waha, wakati huo, mwezi Oktoba, mvua ndiyo inaanza na mbegu ndiyo inaingia ardhini. Shukrani ina maana wakati wa kiangazi, mahindi yakiwa yameanikwa na maharage yamepigwa. Lakini wazo la kula kwanza mbele ya Mungu halikusubiri meli kutoka Ulaya. Ng'ambo ya mpaka, Burundi ilikuwa na umuganuro, sikukuu ya mtama iliyomhusu mwami, yaani mfalme, mwenyewe. Rwanda ilikuwa na umuganura, uliopigwa marufuku na Wabelgiji mwaka 1925 na kurudishwa kuwa sikukuu ya taifa mwaka 2011. Buha yenyewe ilikuwa na abateko, watu waliobeba dhamana ya kiibada juu ya ardhi, ambao mgeni aliyetaka kulima alipaswa kupatana nao kwanza. Ardhi, kwa mtazamo huo, hupokewa. Imana, yaani Mungu, ndiye mwenyewe, na anayelima amekaribishwa. Mkristo wa Buha anaposoma kwamba nchi ni mali ya Bwana hapaswi kuona kwamba anafundishwa jambo geni.

Simulizi ya kutangatanga nayo ipo, tena ni ya juzi. Katika miaka ya 1930 watu wengi wa Buha walihamishwa na serikali ya kikoloni na kukusanywa pamoja kwa sababu ya malale. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, na Kigoma ikawa miongoni mwa maeneo yaliyotegemewa kutoa manamba. Vijana wa Kasulu na Kibondo walikwenda kukata mkonge Tanga. Wengine walirudi na blanketi na baiskeli, wengine hawakurudi kabisa, na wake zao ndio waliobaki kulima, kuvuna na kuamua lipi liliwe na lipi liwe mbegu. Kisha ikaja Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, kaya zikahamishiwa vijijini, nyingine zikiacha migomba iliyokwisha kuzaa. Ni vigumu kupata ukoo wa Muha usio na babu aliyelala ugenini au bibi aliyeanza upya kwenye kiwanja asichokichagua.

Haya ndiyo ya kusimuliwa jioni ya kuamkia siku ya shukrani, kabla kapu halijafungwa. Familia hukutana hata hivyo: watoto wako likizo ya Juni, walioko mjini wengine wamerudi, kuna maharage mapya na ugali wa muhogo. Kinachokosekana ni mzee wa nyumba kuombwa aseme, naye aseme mbele ya wajukuu. Mtoto anayebeba debe la maharage madhabahuni bila kujua bibi yake aliyalimaje peke yake anabeba mzigo tu.

Kanisani, baada ya ibada, huja mnada. Kuku aliyefungwa miguu, mkungu wa ndizi, miwa, chupa ya asali, vyote hunadiwa, watu wakicheka na kupandishiana bei. Siudharau. Mnada umeezeka makanisa mengi na kuwalipa wainjilisti, na mazao yasiyouzwa mapema hubunguliwa. Hata hivyo una athari moja ambayo viongozi hawaisemi: chakula kilichotolewa kwa shukrani humfikia mwenye fedha pekee. Mjane aliyeleta kisonzo cha karanga huondoka mikono mitupu, na kibarua aliyezipalilia hakufika kabisa.

Kibarua huyo, Kasulu na Kibondo, mara nyingi ni Mrundi. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993 na vita kuenea, watu walivuka kwa wingi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Baada ya 2015 Warundi zaidi ya laki mbili walikuwa tena makambini mkoani Kigoma, Nduta ikiwa mojawapo ya kambi hizo. Katika miaka ya 1990 wenyeji wengi walipanua mashamba yao kwa sababu nguvu kazi ilipatikana kwa bei ndogo, wakati mwingine kwa malipo ya chakula. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 na masharti ya kutotoka kambini yalifanya kazi hiyo iwe ya kificho, na anayefanya kazi kwa kificho hana pa kudai ujira wake.

Wenyeji wana malalamiko ya kweli: misitu iliyokatwa kwa kuni, wizi wa mazao, silaha zilizovuka mpaka. Hakuna mhubiri mwaminifu anayepaswa kuyafunika. Lakini Walawi 23, sura inayoorodhesha sikukuu za Bwana, inaweka katikati yake, mara tu baada ya malimbuko ya ngano, amri ya kutovuna shamba mpaka ukingoni, ili maskini na mgeni wapate. Amri ile haikupewa taifa lisilo na mashaka na jirani zake. Imewekwa ndani ya kalenda ya ibada kwa sababu, kwa mwandishi wake, sikukuu isiyo na ukingo uliobakishwa ni pungufu.

Kwa hiyo naziomba parokia na mitaa ya Kasulu na Kibondo zitenge sehemu ya mazao kabla ya mnadi kusimama, igawiwe bila kuuzwa na bila kuuliza uraia. Na kwa kila kaya, Yakobo 5 inasema wazi kwamba ujira wa wavunaji uliozuiliwa unapiga kelele na kilio chao kimefika kwa Bwana. Mlipe aliyekuvunia kwanza. Kapu lipelekwe baadaye.