Black Mamba za Nyanza Kusini: chuma cha Nottingham, mkono wa fundi wa ziwani

Ukitaka kujua umri wa baiskeli kuukuu, usimuulize mwenyewe. Atakuambia ilikuwa ya babu, na babu aliinunua zamani za Mwingereza, na ushahidi utaishia hapo. Iulize baiskeli. Igeuze miguu juu, pangusa matope na grisi kwenye lile bomba fupi linalobeba ekseli ya pedali, kisha uangalie pale bomba la kiti linapokutana na bomba la juu. Aghalabu utakuta nambari iliyogongwa ndani ya chuma katika mojawapo ya sehemu hizo mbili. Rangi hubabuka na kiti hubadilishwa, lakini nambari hubaki.

Katika kaunti za Homa Bay na Migori baiskeli hizi hazijatoweka. Utaziona zimeegemezwa kwenye kuta za maduka ya Rodi Kopany, Ndhiwa na Rongo, au zikisukumwa mlimani zikiwa na mitungi ya maji na gunia la makaa. Watu huziita zote Black Mamba, kwa weusi na urefu wake. Lakini jina hilo ni la ukoo mzima. Ndani yake mna Raleigh, Humber, Rudge, BSA, Hercules na Phillips za Uingereza, Hero, Atlas na Avon za India, na Phoenix na Flying Pigeon za China. Asiyezijua huziona sare: zote nyeusi, zote nzito, zote na breki za vyuma mahali pa waya.

Safari yao ilianzia mbali. Raleigh ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1880 katika mji wa Nottingham, mfanyabiashara Frank Bowden alipokinunua kiwanda kidogo kilichokuwa katika mtaa wa Raleigh na kukikuza. Hercules na Phillips zilitoka upande wa Birmingham. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Raleigh ilikuwa ikitengeneza zaidi ya baiskeli milioni moja kwa mwaka, na sehemu kubwa ilipelekwa nje, hasa katika makoloni. Njia ya kuja huku ilikuwa imeshafunguliwa. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence, yaani Kisumu ya leo. Kutoka hapo meli zilivuka ghuba hadi Kendu Bay, Homa Bay na Karungu, zikiteremsha nguo, sukari, majembe na baiskeli kwa wenye maduka Wahindi.

Wanunuzi wa kwanza walikuwa watu wa mshahara: walimu wa misheni, makarani, watu wa chifu. Waadventista walikuwa wamefungua kituo chao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na baadaye shule ya Kamagambo. Mwalimu aliyetumwa kukagua shule za vijijini alihitaji kitu cha kumfikisha. Kisha wakaja wachimbaji wa dhahabu wa Macalder, na baada ya mwaka 1945 askari waliorudi kutoka vitani na akiba mfukoni. Ndiga, kama Wajaluo wanavyoiita baiskeli, ikawa alama ya mtu aliyefika. Lipo bango maarufu la Raleigh la zama hizo linalomwonyesha Mwafrika akikanyaga pedali huku simba akimfukuza. Sidhani simba alikuwa hoja kwa mnunuzi wa Kendu Bay. Hoja yake ilikuwa udongo mweusi wa masika, unaonata katikati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka.

Sasa turudi kwenye chuma. Kosa la kawaida la anayeanza kuzitambua ni kuiamini nembo ya mbele. Nembo imeshikwa kwa misumari miwili midogo, na fundi mwenye bisibisi huihamisha kwa dakika chache. Tazama mambo magumu kughushi. Gia kubwa ya mbele ya Raleigh mara nyingi imekatwa kwa umbo la vichwa vitatu vya korongo, ndege wa nembo ya kampuni. Ya Rudge ina kiganja cha mkono. Nembo ya BSA ni bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja, kwa sababu kampuni hiyo ilianza kwa kutengeneza silaha. Humber hutambulika hata kutoka ng'ambo ya barabara, kwa kuwa foku yake ina mabomba mawili membamba kila upande.

Gia nayo yaweza kuwa ilihamishwa, kwa hiyo mwamuzi wa mwisho ni hesi. Raleigh walikata hesi zao nyuzi 26 kwa kila inchi, huku viwanda vingi vya Uingereza vikitumia 24. Fundi anayejaribu kuingiza kikombe cha ekseli ya pedali cha baiskeli nyingine kwenye fremu ya Raleigh atakiona kinaingia mizunguko miwili kisha kinakwama. Akilazimisha, ataharibu fremu ambayo ingedumu miaka hamsini zaidi. Hapo baiskeli imetaja ukoo wake bila nembo.

Kuhusu umri, habu ya nyuma hutoa ushahidi mzuri kuliko wote, ukibahatika. Baiskeli nyingi zilizokuja huku hazikuwa na gia za kubadilisha, lakini zilizopata habu ya gia tatu ya Sturmey-Archer zina tarehe mwilini. Futa grisi kwenye ganda la habu hiyo uone herufi AW na tarakimu pembeni. Ikiandikwa 54 kisha 3, habu ilitengenezwa Machi 1954. Hiyo ni tarehe ya habu tu, na magurudumu huhama, lakini ikikubaliana na nambari ya fremu unaweza kusema mwaka bila kusita. Hesabu spoku pia. Mpangilio wa Kiingereza ulikuwa spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu mzigo hukaa nyuma. Ukikuta 36 na 36, kuna mkono uliopita hapo.

Mambo yalichanganyika zaidi mwaka 1960, pale Raleigh ilipounganishwa na kampuni ya Tube Investments iliyomiliki Phillips na Hercules. Kabla ya hapo Raleigh ilikuwa imeshazimeza Humber, Rudge na BSA. Majina yakaendelea kuuzwa kila moja kwa wateja wake wa kale, ingawa nyumba ilikuwa moja. Ndiyo sababu Phillips ya katikati ya miaka ya 1960 yaweza kuwa na viungo vya Raleigh tupu, na wazee wawili wakabishana juu yake mpaka jioni na wote wakawa na haki.

Wakati huo India ilikuwa imeshaingia kazini. Atlas ilianzishwa Sonepat mwaka 1951, Hero ikaanza Ludhiana mwaka 1956, na hata Hercules na Raleigh zenyewe zikawa na viwanda huko, Madras na Asansol. Wahindi walifuata vipimo vya Mwingereza karibu kila mahali: tairi ya inchi 28 kwa 1½, rimu ya Westwood ya breki za vyuma, spoku 32 na 40. Walipoendelea kuzitengeneza miaka yote baada ya Uingereza kuziacha, waliziokoa hata zile za Kiingereza. Leo mtu wa Migori akinunua tairi mpya ya Black Mamba ya babu yake, ananunua kwa sababu ya Ludhiana, si Nottingham. Kiwanda cha Nottingham kilifungwa mwanzoni mwa karne hii.

Hapa lazima niwakatishe tamaa wasomaji wanaosaka baiskeli nyepesi za mashindano. Chuma cha Reynolds 531, kilichotolewa mwaka 1935 na kupendwa na waendeshaji wa Ulaya, ni nadra huku. Kipimo cha haraka ni nguzo ya kiti. Fremu ya 531 ya daraja la juu kwa kawaida huchukua nguzo ya milimita 27.2, na hizi zetu huchukua nyembamba zaidi, mara nyingi milimita 25.4, kwa kuwa bomba lenyewe lina kuta nene. Baiskeli nzima hufika kilo ishirini au zaidi. Unene huo ndio uliomfaa mtu wa ziwani. Chuma cha kawaida kilichounganishwa kwa shaba nyeupe na viungio hupinda kabla ya kukatika, na kikikatika huungwa kwa gesi chini ya mwembe.

Na kuungwa ziliungwa. Sangara, ambaye huku ni mbuta, alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelijaza. Biashara ya samaki ilipopamba moto, baiskeli iliyouzwa kwa mwalimu ikawa gari la mizigo. Wachuuzi walipakia samaki Sori, Muhuru Bay na Mbita wakapanda nao kuelekea masoko ya bara, ilhali keria ya kiwandani ilikuwa imebuniwa kwa mkoba na koti la mvua. Mafundi wakaikata wakaweka ya nondo. Wakaongeza vyuma viwili kila upande wa foku ili isipinde mtelemkoni. Wakabadilisha standi, kwa sababu ile ya Kiingereza ililala chini mara gunia la kwanza lilipopanda. Kiwanda cha sukari cha Sony kilipofunguliwa Awendo mwaka 1979, na tumbaku ikalimwa upande wa Kuria na Oyani, mzigo uliongezeka na nondo zikaongezeka nayo.

Kisha zikaja siku za bodaboda. Kazi hiyo ya kubeba abiria ilianzia mpakani Busia katika miaka ya 1960, ikasambaa Nyanza nzima, na kufikia miaka ya 1990 kila stendi ilikuwa na safu ya Black Mamba zenye kiti cha sponji, vikanyagio vya abiria na mara nyingi mapambo ya rangi kwenye spoku. Mwaka 2008 serikali iliziondolea kodi ya VAT pikipiki zisizozidi cc 250, na mambo yakageuka haraka. Kijana aliyepeleka abiria Isebania kwa miguu yake akachukua pikipiki kwa mkopo. Baiskeli ikarudi kwa mzee, au ghalani.

Hapo ndipo wapenda vitu vya kale wanapozikuta, na hapo ndipo mimi na baadhi yao tunapotofautiana. Wao huona nondo kama uchafu. Huikata keria, huondoa vyuma vya foku, hupeleka fremu kupigwa rangi nyeusi inayong'aa, huagiza nembo mpya, na mwishoni wana baiskeli inayofanana na picha ya katalogi ya mwaka 1952. Ni kazi safi. Lakini baiskeli hiyo ilikaa Nottingham siku chache na Karungu miaka sitini. Anayeirudisha ilivyotoka kiwandani amefuta sehemu ndefu zaidi ya maisha yake, sehemu ambayo haimo katika katalogi yoyote.

Kukarabati kwa heshima ni kazi ya polepole. Usianze na msasa. Rangi ya asili, hata ikiwa imebaki nusu, huwa na mistari ya dhahabu iliyochorwa kwa brashi ya mkono, na maandishi ambayo petroli huyayeyusha kwa mfuto mmoja. Kitambaa chenye oili nyepesi kinatosha, na utashangaa kilichokuwa chini ya masizi. Vyuma vya kung'aa vilivyoota kutu husafishwa kwa siki au ndimu na karatasi ya alumini iliyokunjwa. Kiti cha ngozi kilichokauka hupakwa mafuta kidogo upande wa chini. Ukikiloweka kitalegea kama chandarua.

Kigumu kuliko vyote ni kotapini, ule msumari mnene unaobana mkono wa pedali kwenye ekseli. Baada ya miaka arobaini ya mvua na jasho la samaki huwa kama umeota mule ndani. Wengi huupiga nyundo ndogondogo mpaka kichwa kinapasuka, kisha huanza kutoboa kwa drili. Nyunyiza mafuta ya kupenya uyaache hadi kesho. Legeza nati mpaka iwe sawa na ncha ya msumari, iulinde hesi. Simamisha kipande cha bomba la chuma kutoka sakafuni hadi chini ya mkono wa pedali, ili pigo lisiende kwenye gololi. Halafu piga mara moja, kwa nyundo nzito, bila huruma. Na kabla hujaifungua pedali ya kushoto kumbuka hesi yake ni kinyume, hufunguka kwa kuzungusha kama saa inavyokwenda. Mikono mingi imeumia kwa kusahau hilo.

Ukiona ulehemu wa fundi wa zamani bado umeshika, uache. Piga picha, andika ulipofanyiwa na mzigo gani uliusababisha. Badilisha gololi, tairi na mipira ya breki, maana baiskeli isiyotembea ni chuma tu.

Kizazi kipya kimeshafika. Baiskeli za Buffalo, zinazounganishwa Kisumu, zimebuniwa tangu mwanzo kwa mzigo wa kilo mia moja, na keria yake nene inafanana sana na ile ambayo mafundi wa Sori na Mbita waliichomelea wenyewe bila kuulizwa na mhandisi yeyote. Za zamani zinapungua, na mnunuzi wake mkubwa ni mwenye mizani ya vyuma chakavu. Biashara hiyo ilipigwa marufuku kwa miezi michache mwaka 2022, kisha ikaruhusiwa tena. Kwa hiyo kama kuna ndiga ghalani kwenu, Kanyadhiang au Kihancha, kabla mtu hajaipima kwa kilo igeuze, isome nambari, kisha mwite mzee aliyeiendesha akutajie alibeba nini na kutoka wapi mpaka wapi. Andika yote mawili kwenye daftari moja.