Magari ya Mashindano Yalivyohamia Kompyuta za Wachache

Wiki hii naomba tukae nyuma ya usukani, ingawa gari lenyewe halina petroli wala matairi. Nazungumzia michezo ya kompyuta inayoigiza mashindano ya magari. Sisemi ile ya kubonyeza kitufe na kupaa tu, bali ile ambayo kompyuta hupiga hesabu za uzito wa gari na mshiko wa matairi; ukichelewa kushika breki kwenye kona, umekwenda majanini.

Baba wa michezo hii, kwa maoni yangu, ni Mwingereza Geoff Crammond. Mwaka 1984 aliitengenezea kompyuta ya BBC Micro mchezo wa Revs. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akaja na Formula One Grand Prix, na wenye kompyuta za Amiga walikuwa miongoni mwa waliokaribishwa. Lakini toleo la pili lilipotoka mwaka 1996, lilikuja kwa mfumo wa DOS peke yake. Kampuni ya Commodore, iliyotengeneza Amiga, ilikuwa imeshafilisika mwaka 1994. Mwenye Amiga afanye nini? Hata angekuwa fundi hodari, maandishi ya programu yalikuwa mali ya kampuni, yamefungiwa kabatini, na ufunguo hakuwa nao.

Sasa tazama mkasa mwingine. Mwaka 1997 Eric Espié na Christophe Guionneau walianza mchezo mdogo ambao baadaye ukaitwa TORCS. Ulikulia kwenye Linux, mfumo ambao wakati ule kampuni kubwa za michezo hazikuujali sana. Leseni yake, ile ya GNU, inamruhusu yeyote kuyasoma maandishi ya programu, kuyabadilisha na kuyagawa.

Ruhusa peke yake haihamishi mchezo, hilo nakiri. Kila mfumo una namna yake ya kuorodhesha mafaili, kusoma saa na kupakia vipande vya programu. Na katika TORCS hata dereva anayeendeshwa na kompyuta ni kipande cha peke yake. Saa nayo si jambo dogo: hesabu za gari hurudiwa mara 500 kwa sekunde! Wajenzi wake waliyatenga mambo hayo pembeni, hivyo anayeuhamisha huandika upya sehemu hiyo ndogo, si mchezo mzima. Picha huchorwa kwa OpenGL, inayopatikana kwenye mifumo mingi. Barabara zimeelezwa kwa maandishi ya kawaida, na hilo liliepusha balaa moja: prosesa za PowerPC, ambazo AmigaOS 4 huzitumia, hupanga baiti za namba kinyume na zile za Intel. Maandishi husomeka vilevile kote.

Basi TORCS ukafika AmigaOS 4, MorphOS na AROS, ukafika hata Haiku, mrithi wa BeOS. Kwa sura, michezo ya kuuzwa madukani imeupita mbali, wala sioni haja ya kuficha. Hata hivyo ulizaa tawi, Speed Dreams, lililoanza mwaka 2008. Mwaka huohuo watafiti walishindanisha ndani ya TORCS programu zinazojiendesha zenyewe, bila mtu kwenye usukani.