Diski ya Harusi na Deki Iliyoikataa

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam na Mombasa, kwenye droo ya chini ya kabati la televisheni, bado ipo diski yenye tumbo la zambarau iliyoandikwa kwa kalamu nene: Harusi. Ukiitia kwenye deki, huzunguka, hukoroma kidogo, kisha kioo kinaandika kwamba hakuna diski. Watu huifuta kwa kanga, husafisha jicho la deki, mwisho humlaumu kijana aliyeichoma. Mara nyingi kijana huyo anaonewa.

DVD ya kiwandani imegongwa vishimo kwenye plastiki na kupakwa alumini, hivyo mwanga wa leza hurudi kwa nguvu. Ya kuchoma ina tabaka jembamba la rangi ya kikemia, na leza ya kompyuta huiunguza madoamadoa ili deki iyasome kama vishimo. Rangi hiyo ndiyo chanzo cha taabu nyingi.

Philips na Sony walipoweka kanuni za CD ya kuchoma mwaka 1988, rangi ilichaguliwa kwa leza ya nanomita 780, mwanga ambao jicho la binadamu halioni. DVD ilipoanza kuuzwa Japani Novemba 1996, ilikuja na leza nyekundu ya nanomita 650, na mbele ya leza hiyo rangi ya CD hairudishi mwanga wa kutosha. Deki mpya ikacheza VCD ya dukani bila shida, ikaikataa iliyochomwa nyumbani. La kushangaza, CD za kufutika, ambazo hazitumii rangi bali mchanganyiko wa metali, mara nyingi zilisomeka. Ikabidi watengenezaji waongeze leza ya pili.

Halafu watengenezaji wa DVD za kuchoma wakagawanyika kambi mbili. Pioneer ilitoa DVD-R mwaka 1997. Philips, Sony, HP na wenzao wakaja na DVD+RW mwaka 2001, na DVD+R mwaka uliofuata. Mnunuzi aliona alama ya kutoa au ya kujumlisha kwenye pakiti, akachukua ya bei nafuu. Deki haikuchukulia jambo hilo kirahisi hivyo. Mwanzoni mwa kila DVD kuna namba inayoitambulisha aina ya diski, na deki ya zamani ikikuta namba ya aina iliyobuniwa baada yake, huweza kuikataa bila kujaribu kusoma picha. Kambi ya kujumlisha ikapata dawa: baadhi ya mashine za kuchomea ziliandika namba ya DVD ya kiwandani, na deki ikakubali. Naona huo ulikuwa uamuzi wa huruma kwa mteja. DVD-R haikuwa na njia hiyo, kwa sababu namba yake hugongwa kiwandani.

DVD za kufutika zina mkasa wao. Hurudisha asilimia 18 hadi 30 tu ya mwanga, sawa na DVD ya matabaka mawili, basi deki kongwe hutafuta tabaka la pili ambalo halipo.

Makosa ya mchomaji nayo yapo. Diski isiyofungwa baada ya kuchomwa, yaani isiyokamilishwa ili deki nyingine ziisome, husomeka kwenye mashine iliyoichoma, lakini deki ya sebuleni huiona tupu. Picha ikiganda karibu na mwisho, chunguza ukingo wa nje, kwa kuwa DVD ya tabaka moja husomwa kutoka katikati kwenda nje. Stika ya karatasi iliyobandikwa upogo huivurugia mizani, na kuchoma kwa kasi ya juu kabisa huharibu zaidi sehemu hiyo hiyo.

Deki ikikataa kabisa, jaribu kisomeo cha kompyuta, tena zaidi ya kimoja, kwani hutofautiana sana. Hurudia sehemu ngumu mara kadhaa, na zipo programu zinazoruka palipoharibika na kuokoa yaliyobaki. Diski isiyofungwa pia huweza kufunguka humo, hata kufungwa. Ila usiianike dirishani wakati ukisubiri fundi: jua huifubaza rangi ile, na ikishafubaa hakuna leza itakayoisoma.